Mtu wa Mgongo

Ukitaka kumuudhi Kafedha, mwambie akae apumzike. Atakutazama kwa jicho la kukupima, kisha atayashika magongo yake mawili, asimame kwa makusudi na kwenda kujitafutia kazi. Mguu wake wa kulia ulipooza kwa polio angali mtoto mdogo, na tangu hapo kila mtu amekuwa akimsogezea kiti. Amechoshwa na viti. Kinachochekesha ni kwamba kazi yake mwenyewe, katika karakana moja ya Bombolulu, ni kushona maturubai ya kukalia kwenye viti vya magurudumu. Anashona vizuri sana, na mashine yake haiguswi na mtu mwingine.

Kwao ni Bamba, bara ya Kilifi. Babu yake alikuwa mwindaji. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, mzee alitundika upinde wake darini akaununia mwaka mzima, lakini safari za porini hakuziacha. Badala ya nyama akawa anasaka asali, na mpaka leo ukoo wake huingia porini kila msimu kurina. Wana desturi yao. Wakishatoka porini na kufika barabarani, kabla ya jambo lolote, sega la kwanza hukatwa, na mkubwa wa safari huuliza: "Nani wa mgongo?" Wa mgongo ni yule aliyebeba asali mwenyewe kutoka mzingani hadi hapo. Hawezi kujitaja, sharti atajwe na mwenzake. Waliosalia huitwa watu wa macho, nao hula baadaye, wakipewa.

Kafedha amekuwa mtu wa macho maisha yake yote. Utotoni aliachwa barabarani na vyombo vya chai, akingoja wenzake. Walimletea vipande vizuri, hawakumnyima. Lakini aliletewa, na hilo ndilo lililomkaa kooni.

Mwaka huu alimwambia kaka yake Masha, mpakuzi wa mizigo huko Changamwe, kwamba atakwenda, na atabeba.

"Dada, usikasirike," Masha akasema, huku akicheka. "Ukija, wewe ndiwe utakayekuwa mzigo wetu."

Hakukasirika. Alimpigia simu mjomba wao, Kiponda, ambaye ndiye mkubwa wa safari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Masha ameshanieleza. Njoo. Lakini ukitaka kuitwa wa mgongo, ndoo yako uitoe mwenyewe mpaka barabarani. Usipokelewe hata hatua moja. Sitabadilisha desturi ya baba kwa kukuonea huruma."

"Hata mimi sitaki uibadilishe," akajibu Kafedha, kwa furaha na hofu pamoja.

Kujigamba ni rahisi. Ndoo ataibeba vipi? Kichwani haiwezekani, maana mtu wa magongo hutembea kwa kuyumba, na kichwa huyumba naye. Mzega wa begani, ule mti ambao Masha huning'iniza ndoo huku na huku, unataka mkono. Mikono yake ina kazi. Palibaki mgongo, na mgongo unataka fremu.

Akaenda Kongowea kwa Abubakar, muuza mabegi ya mitumba. Abubakar alimvutia begi la bluu la wapanda milima, lenye mifuko mingi kuliko mahitaji ya binadamu.

"Fremu yake imo ndani, mama, imefichwa, huioni. Wallahi ukilivaa hili utasahau kama umebeba kitu."

Kafedha alilijaribu kwa ndoo ya mchanga, maana asali ni nzito kuliko maji, akatoka karakanani kuelekea barabara kuu. Hakusahau chochote. Tumbo la begi lilivimba kwa nyuma likamvuta, na mikanda yake ikapita kwapani, mahali palepale pa vichwa vya magongo. Kwapa moja haliwezi kukaliwa na wapangaji wawili. Alipofika kwenye vibanda akaenda chini chali, na muuza mahamri akapiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Watu wakakimbia kumwinua. Mmoja akaleta kiti.

Begi likarudi kwa Abubakar siku hiyohiyo.

Akamwendea Gedion, mchomeleaji wa karakana, kijana wa Kakamega asiyependa kusumbuliwa akiwa na kazi. Gedion alimchomelea fremu ya nje kwa mabomba membamba ya chuma, ndefu kupita mabega, na ndoo ikafungwa juu kabisa.

"Hii ni kama za jeshi, madam. Hapa umefika."

Hakufika. Kila alipotupa mwili mbele kati ya magongo, ndoo ilitaka kumtangulia, na jioni mabega yalikuwa mekundu, yanawaka. Gedion alizunguka fremu yake akiikagua. Haikuwa na kosa, kwa hivyo akatafuta kosa kwa mbebaji.

"Labda mabega yako ni laini."

Loo! Afadhali angemtukana.

"Laini?" Kafedha akafoka, cherehani zote zikanyamaza. "Binti yangu Jumwa nimembeba kwa magongo haya haya! Kliniki nikaenda naye, sokoni nikaenda naye, kanisani nikaenda naye, mpaka akakataa mwenyewe kubebwa! Nani alinisaidia? Mabega haya..."

Akakatika hapo hapo, kinywa wazi. Mabega hayakuwahi kumbeba Jumwa.

"Gedion," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Mtoto wa mbeleko hukaa wapi?"

"Mgongoni."

"Mgongoni wapi?"

Gedion akakuna kichwa. Hajawahi kubeba mtoto.

"Kiunoni!" Kafedha akagonga meza. "Makalio ya mtoto hukaa juu ya kiuno cha mama, na leso inapita kifuani tu, kumzuia asianguke nyuma. Kwapa halina habari. Ikate hiyo fremu yako. Kata juu yote."

Gedion akanung'unika, lakini akakata. Fremu ikawa fupi, imepindwa kufuata kiuno, na kwa chini ikatokeza kirafu cha kukalia ndoo. Mkanda mpana wa kiunoni Kafedha alishona mwenyewe, kwa turubai lilelile la viti, akatia sifongo ndani. Juu hakuweka mikanda ya mabega. Aliweka leso yake ya zamani, ile aliyombebea Jumwa, akaifunga fundo kifuani. Akatoka na mchanga wake mpaka barabara kuu, akapita mbele ya vibanda polepole, makusudi, ili muuza mahamri amwone vizuri.

Porini walikwenda wakati wa kiangazi. Nyuki walifukizwa, masega yakakatwa, ndoo ya Kafedha ikajazwa na kifuniko kikabanwa. Masha akainua mzega wake, wakaanza kurudi. Njia ya miiba haikumsumbua. Shida ilikuwa bonde la mto mkavu. Mchanga wake uliyameza magongo, na alipolichomoa moja, la pili lilizama zaidi. Katikati ya bonde goti lake zima likapiga chini. Masha akatua mzega akaja mbio, mkono mbele.

"Usinipokee!" Kafedha akapiga kelele. "Masha, ukigusa ndoo hii sikusemeshi mpaka kufa!"

"Mwache," akasema mjomba Kiponda.

Masha akasimama, mkono bado hewani. Kafedha alikuwa na hofu, tena kubwa. Lakini alipotulia alisikia kwamba ndoo haijasogea. Ilikuwa imemkalia kiunoni kama Jumwa aliyelala. Akayalaza magongo juu ya mchanga badala ya kuyachoma, akajiinua, akayalaza tena mbele, akavuka hivyo, akitukana mto kwa Kigiriama mpaka ng'ambo. Kwenye kilima cha kutokea bondeni aliwaacha nyuma. Masha alihamisha mzega bega hadi bega, na kila alipoinua macho aliona mgongo wa dada yake mbele.

Barabarani Kafedha alisimama, hakuegemea kitu. Mjomba aliifungua ndoo ikiwa bado mgongoni mwake, akakata sega la kwanza, akalishika juu huku asali ikimchuruzika mkononi.

"Nani wa mgongo?"

Kafedha alitazama chini. Hawezi kujitaja.

"Kafedha," akasema Masha, akihema. Kisha akasema kwa sauti zaidi, ili hata waliobaki nyuma wasikie: "Kafedha ni wa mgongo! Na mimi nimekuja nyuma yake."

Akapewa sega mkononi mwake. Akalitafuna na nta yake yote, asali ikamfika kwenye kiwiko, machozi nayo yakashuka na hakuyafuta. Masha alimfungua leso kifuani, akaitua fremu, akaigeuzageuza. Halafu akavingirisha jiwe kubwa kutoka kando ya barabara, akalipangusa vumbi.

"Kaa, dada. Pumzika."

Wote wakangoja afoke, kama wanavyomjua.

Kafedha akakaa.