Unga wa Maganda

Mama mkwe wangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na moja. Mke wangu Agnela alirithi kila kitu chake: sura, kicheko, mwendo wa polepole na unene. Mwaka huu alipofikisha hamsini alianza kuhesabu miezi. Hakusema kwamba anahesabu, lakini kila jioni nilimwona akibonyeza mguu kwa kidole gumba, kisha akitazama kama kishimo kitajaa upesi.

Mwezi wa kwanza alipimwa zahanati, akawa na kilo mia moja na kumi na mbili. Presha ilikuwa 168 kwa 102. Sista Marta, muuguzi wa pale, alimpa vidonge na kumwagiza apunguze mafuta, wanga na chumvi. Chumvi aliiondoa jikoni siku hiyo hiyo. Vidonge alivimeza bila kukosa hata kimoja.

Agnela anafanya kazi Olasiti, kwenye banda linalokausha mboga za kupakiwa. Ni mwaka wa kumi na moja anamenya karoti na vitunguu. Mwezi wa pili alikuja pale binti mtafiti aitwaye Nancy, akaomba magunia mawili ya maganda kila wiki. Kina mama wakamtania, wakamuuliza kama chuoni kwao wanafuga. Nancy akawaeleza kwamba wanafuga kweli, ila ni panya. Wanawanenepesha kwa mafuta, kisha wanawapa unga wa maganda. Ganda la kitunguu, alisema, lina vitu vinavyouzuia mwili kuharibika, kama rangi inavyolizuia bati kushika kutu, na mwili ulionenepa sana unavihitaji zaidi. Ila yasioshwe tena baada ya kumenywa, maana baadhi ya vitu hivyo huondoka na maji. Alisema pia kwamba kwa watu bado hawajajaribu. Agnela aliniletea nyumbani maneno yote hayo isipokuwa hilo la mwisho.

Magunia ya Nancy yalishonwa na kufungiwa ofisini. Yaliyobaki yaliwekwa nyuma ya banda, yakimsubiri Lesikar, mfugaji wa magharibi ya mlima, ambaye huyabeba asubuhi kwa gari kwa ajili ya ng'ombe wake. Kwenye hayo hakuna aliyemkataza mtu kujichotea. Agnela alikuwa akiingia saa moja, anajaza mfuko kabla gari halijafika. Nyumbani aliyaanika bila kuyaosha, akapeleka mashine kusaga, akawa anatia vijiko vitatu kwenye uji wake wa ulezi, asubuhi na jioni.

Nilionja mara moja. Nikamwambia unga una ladha ya makande. Tukacheka, tukaendelea.

Baada ya wiki tatu alikuwa amepungua kilo mbili, akafurahi kama msichana. Lakini presha ilisoma 181 kwa 110. Sista Marta alimuuliza kuhusu vidonge, akamuuliza kuhusu chumvi, akaandika dawa nyingine. Agnela hakutaja maganda, kwa kuwa hakuyahesabu kama dawa wala kama kosa. Alitoka pale akiwa na hofu, na kwa hofu hiyo akaongeza vijiko vikawa vitano. Kichwa kilianza kumuuma kisogoni. Viatu vya kazini havikuingia tena. Usingizini alikuwa akinishika mkono, nami nalala macho nikisikiliza pumzi yake.

Alhamisi moja, walipobakishwa kazini hadi jioni, kisu kilimdondoka. Wenzake walidhani ni utelezi. Alipoinama kukiokota vidole vya kulia havikufunga. Wakanipigia simu. Nilipofika alikuwa amekaa nyuma ya banda karibu na magunia, vidole vimeanza kurudi, bajaji inasubiriwa.

"Mama naye ulianza mkono," aliniambia.

Hapo ndipo Lesikar alipofika na dumu la lita ishirini, akatusalimu, akaanza kumwagia magunia, moja baada ya jingine, maji meupe kama ya chokaa. Agnela akamtazama mpaka gunia la tatu.

"Baba, hayo ni maji gani?"

"Magadi, yeyo. Ng'ombe wangu wana maringo kuliko bibi harusi. Bila magadi hawagusi maganda."

"Unamwagia lini?"

"Kila jioni, yalale yameingia vizuri. Mwaka wa pili huu."

Lesikar alikuwa anatabasamu bado, akingoja tucheke. Agnela alinigeukia, rangi imemwisha usoni. Sisi Wameru tumekulia kwenye magadi, yako kwenye makande na kwenye maharage, na ulimi wetu hauyashangai. Hatukuwahi kuyaita chumvi.

Zahanati alimweleza Sista Marta kila kitu akilia. Sista alilamba kidogo unga aliokuwa nao mkobani, akautema.

"Mama, hii kwako ni chumvi. Umekula chumvi wiki sita, asubuhi na jioni."

"Nitakufa?"

"Lala hapa kwanza."

Kipimo kilisoma 204 kwa 118. Sista alimpa dawa, akapiga simu kuomba gari la hospitali ya mkoa, akasema gari linaweza kuchelewa na kwamba atapima kila nusu saa. Mimi nilipewa kazi ya kumwongelesha Agnela ili ijulikane kama maneno yake yananyooka. Nilimuuliza majina ya watoto wetu, jina la mchungaji, siku ya leo. Alijibu yote, taratibu, macho yake yako kwenye ule mpira wa kupimia. Mara ya pili ilikuwa 196. Mara ya tatu, 183.

"Inashuka," Sista akasema.

Agnela hakumwamini. Akanyoosha mkono ule ule wa kulia, akafungua na kufunga vidole mbele ya macho yake.

"Pima tena," akasema.