Siku Tuliyoshukuru kwa Damu ya Dada

Siku tuliyomshukuru Mungu kwa damu ya dada, nilikaa kanisani nyuma kabisa, nanyonyesha, na nilitamani kumrushia mtu kiatu.

Dada yangu mkubwa aliolewa kijiji cha Guta. Alikuwa anauza dagaa Bunda mjini, mnene, mcheshi, mdomo haufungi. Halafu akaanza kukonda. Na mumewe alikuwa ametoka kuvua kisiwa cha Rukuba. Miaka ile ukikonda na mumeo katoka visiwani, watu wameshakuzika. Dagaa wake wakaanza kurudi nyumbani bila mnunuzi.

Mimi nilijua kitu kingine. Alipokuja kwangu Mukendo tulioga pamoja, nikaona. Chini ya titi la kushoto palikuwa na uvimbe, mgumu kama kokoto.

"Dada, hiki nini?"

"Akiba hiyo. Mwanangu wa mwisho aliacha kunyonya hajamaliza. Lete wako aje amalizie."

Tulicheka. Mama yetu, aliyekuja kutoka Butiama, akasema ni maziwa yameganda, akamkanda kwa kitambaa cha moto. Titi halikumtisha. Kilichomtisha ni damu.

"Akapimwe damu," alisema. "Tukiijua damu, tumejua yote."

Hivyo ndivyo watu wetu walivyoamini, na sitaki mtu awacheke. Damu inapita kila mahali mwilini, itakosaje kujua kilichomo? Tatizo ni kwamba inajibu ulichoiuliza tu, na swali lilikuwa moja.

Tukaenda hospitali. Sindano na glovu tulinunua wenyewe duka la dawa nje ya geti. Siku hizo maduka yalijaa, kabati la hospitali tupu. Nikamwambia daktari, "Ana uvimbe kwenye titi." Hakuinua hata kichwa.

"Mama mtoto, tulia. Kwanza damu."

Majibu yalipotoka, hana ukimwi. Mama alipiga vigelegele pale pale koridoni mpaka nesi akatoka kutufukuza. Shemeji analia, dada anacheka, anasema sasa majirani watanunua dagaa wake wapende wasipende. Nikasema, "Na titi je?" Wakaniangalia kama nimemwaga mboga.

Jumapili shemeji akachinja mbuzi. Kwetu ukivuka jambo kubwa unapeleka shukrani kanisani, unasimama mbele, unasema. Dada akasimama na kitenge kipya. Mchungaji akapaza sauti, "Damu yake ni safi!" Kanisa zima, "Amina!" Na uvimbe ulikuwepo pale mbele, chini ya kitenge, unasikiliza.

Baada ya hapo ningesema nini? Kila nilipoligusa suala la titi, mama alinikata: "Si damu ilipimwa? Unataka Mungu aonekane mwongo?" Shemeji naye: "Shemeji, wewe shule imekuharibu, unatafutaga ugonjwa kwa tochi." Dada mwenyewe aliona aibu. Mtu ameshasimama mbele ya watu na kushukuru, atarudije kusema bado anaumwa?

Miezi ikapita, titi likapasuka. Harufu ikajaa nyumba. Tulipomrudisha hospitali, daktari mwingine akafunua kitambaa, akafunika.

"Mmechelewa sana."

"Tumechelewa?" Nilipiga kelele, mtoto mgongoni akaamka. "Tulikuja! Tulikuwa hapa hapa, damu yake mlichukua!"

"Ile haikuwa ya kansa, dada."

Tukamzika kwake Guta. Walewale walioogopa dagaa wake walikula msibani wakashiba.

Mwaka uliofuata nikasikia redioni kwamba huko ng'ambo wataalamu wanatafuta alama za kansa ya titi ndani ya damu, waione kabla mkono haujashika uvimbe. Walisema bado wanajaribu. Nilizima redio. Sijui nilikuwa namkasirikia nani. Kwa hiyo mama hakuwa mjinga. Alikuwa na wazo la wataalamu, ila mahali pasipo na kipimo.

Lakini nina mtoto wa kike, na maziwa yangu yakijaa titi lote huwa gumu, na vidole vyangu havijui tofauti. Nikaenda maabara na mama akanisindikiza. Nikamwambia fundi wa pale, "Nipime kansa ya titi kwenye damu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, hapa tunapimaga malaria, wingi wa damu, na ile nyingine. Hicho chako hata Mwanza sijakisikia."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ukiona uvimbe, uje."

"Dada yangu alikuja."

Mkono wangu ulikuwa tayari mezani, sikuutoa. Akanipima malaria.

Nje mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanangu mapajani.

"Wamesemaje?"

"Safi," nikamwambia. "Hamna kitu."

Akafungua mdomo kupiga vigelegele. Sauti ilitoka kidogo tu, halafu akajiziba mdomo kwa kanga.