Mama Odeta wa Igogo, Aliyejifunza Kunyamaza

Alizaliwa Buswelu mwaka 1953, binti wa tano wa mzee Mashimba, enzi zile Buswelu ilipokuwa malisho na mashamba ya pamba, na kengele za ng'ombe zikisikika hadi barabarani. Akabatizwa kwa jina la Odeta. Tangu utoto alikuwa na ulimi mwepesi na kichwa chepesi kushika Maandiko. Alipoolewa Igogo na kuanza kuuza dagaa, waumini wa kigango, kanisa letu dogo la mtaani, walimchagua kuwa katekista. Sisi aliotufundisha bado tunaikumbuka sauti yake ikivuka ua, na harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka juani. Kila mwenye shida alimwendea, naye alikuwa na jibu kabla mtu hajamaliza kueleza.

Asubuhi moja ya mwaka 2009 alijiwa na jirani yake Winnie, aliyemshika mkono binti yake Gladness, mtoto wa miaka tisa.

"Shikamoo, mama. Pale nyumbani siku hizi..."

"Marahaba. Ndoa ni uvumilivu, mwanangu," alisema Odeta, akiendelea kuanika dagaa. Akamsomea zaburi kwa kichwa, akamwombea. Winnie akashukuru, akaondoka. Jioni ile mumewe alimpiga, akamvunja mkono na mbavu mbili, kisha akatoroka. Odeta alipofika hospitalini na kuanza kusali kwa sauti, Winnie alimzuia.

"Nilikuja kusema, mama. Ukanihubiria."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa wito wake. Akiwa na miaka hamsini na sita alianza kujifunza upya. Mtu akija, aliweka kazi chini, akakaa na kumtazama. Akishikwa na hamu ya kujibu, alimeza mate, akasubiri. Mwishoni alirudia aliyoyasikia, akauliza, "Ni hivyo, au nimekosea?" Mara nyingi alijikuta tena katikati ya mahubiri, akaomba radhi, akanyamaza.

Jaribu lake kubwa lilikuwa Gladness, ambaye tangu mama yake apigwe hakutamka neno. Wazee wa kigango walitaka aombewe hadharani, wakamlaumu katekista kwa kukaa naye tu kila alasiri wakichambua dagaa.

"Unamfundisha nini?" waliuliza.

"Simfundishi. Nakaa naye."

Ilipita miezi saba. Siku moja mtoto akasema, bila kuinua macho, "Bibi, mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba mama alikuja kwako."

Odeta alimsimulia paroko baadaye jinsi maneno ya faraja yalivyomjaa kinywani. Aliyazuia. "Nimekusikia," alisema. "Endelea." Gladness akasema yote, akalia, akasema tena. Alipomaliza kabisa, ndipo Odeta alipomkumbatia na kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Wengi wetu tunaliita hilo muujiza. Yeye alikataa jina hilo.

Alifariki mwaka 2021, baada ya kuugua muda mfupi. Kwenye maziko paroko aliomba watu wakumbushane maneno ya marehemu. Tukatazamana; hakuna aliyekumbuka mengi. Ndipo Gladness, sasa mwanamke mzima, aliposimama na kueleza yale ambayo yeye mwenyewe alimwambia Odeta. Akafuata mwingine, na mwingine, kila mmoja na siri aliyoitua kwake, hadi kaburi likachelewa kufukiwa.

Ndugu, tumwige mtumishi huyu. Anayekujia leo, mwache amalize.