Barua ya Tano

Nasreen wa Mtongwe, huko Likoni, alipoamua kuwa mwandishi kivuli, yaani yeye aandike na mwingine atie jina, alitangaza kwenye simu yake: "Nakuandikia chochote. Siri yako naizika." Alitarajia matajiri wenye hadithi za maisha yao. Kwa wiki tatu alipata mtu mmoja tu, naye aliuliza kama anapiga pasi pia.

Ndipo akavuka feri Bi Mwanatabu kutoka Kisauni.

"Mwanangu Hashim yuwataka mke huku kwenu Likoni," alisema. "Barua ya posa tumwachie babake? Ataandika kama notisi ya kukatiwa maji."

Nasreen aliandika kurasa mbili, salamu zikatangulia, dua ikafuata, ombi likaja mwisho kwa adabu, limeinamisha kichwa. Wazee wa Kisauni wakaipeleka kwa Mzee Ishaka, mwenye duka la rejareja, babake Salsabil, msichana mwenyewe.

Siku nne baadaye Mzee Ishaka alibisha hodi kwa Nasreen, bahasha mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu kaposwa. Hebu soma, uone tulivyopigwa."

Nasreen akaisoma barua yake mwenyewe kwa uso wa mgeni. "Si mbaya," akasema.

"Si mbaya? Mamake Salsabil kalia! Nataka jibu la kuwalaza chali."

Mwenye akili angekataa. Lakini huyu alikuwa mteja wake wa pili, na wa kwanza alishaahidiwa siri. Isitoshe, Nasreen alikuwa ameona udhaifu katika aya ya pili.

Jibu lilitoka kurasa nne. Lilishukuru, likasifu, likauliza maswali matatu ya heshima kuhusu tabia za kijana. Bi Mwanatabu alirudi mbio. "Wallahi, Likoni wana mwandishi! Tumjibu!" Wakajibu. Likoni nao wakajibu jibu, zikaendelea hivyo. Kisauni mashangazi walikusanyika kila barua ilipofika, wakarudia vipande walivyovipenda. Likoni Mzee Ishaka alisoma dukani kwa sauti, wateja wakisubiri sukari yao. Siku ya harusi haikutajwa na mtu.

Barua ya nne ya Likoni ilipokwisha jibiwa, akaja Hashim mwenyewe, kitambulisho cha kazi ya uwanja wa ndege bado kikining'inia shingoni.

"Wewe ndiwe unayetuandikia?"

"Ndimi."

"Na wao huandikiwa na nani?"

Nasreen akaigeuza kifudifudi bahasha ya Likoni iliyokuwa mezani. Hashim alikwisha iona. Akaketi kizingitini.

"Dada, mimi nataka kuoa! Mashangazi hawaniulizi tena habari za mchumba. Wauliza, 'Barua imekuja?' Hawa watasomeana mpaka nizeeke. Nakuomba, shindwa."

"Nishindwe upande gani?"

"Wowote!"

Barua ya tano ya upande wa Likoni ilimtesa kuliko zote. Mara mbili ilirefuka yenyewe, mara mbili akaichana. Mwishowe ikasema: "Tumeridhia. Karibuni Ijumaa baada ya swala ya alasiri tupange siku."

Mzee Ishaka aliigeuza karatasi kutafuta iliyobaki. "Hii ndiyo barua au risiti? Watasema tumeishiwa! Mimi sitii sahihi."

"Baba," alisema Salsabil, aliyekuwa akipima mchele nyuma ya kaunta, "barua nne zimekwenda na kurudi. Mimi mumeniuliza lini kama namtaka?"

Kwa desturi, na kwa dini, hilo ndilo swali linalotangulia yote. Mzee Ishaka alikuwa amelisahau kabisa kwa utamu wa aya.

"Basi... wamtaka?"

"Tangu barua ya kwanza."

Akatia sahihi bila kuketi.

Jumamosi Bi Mwanatabu alikuja kumshukuru Nasreen, siku ya nikaha ikiwa imeshapangwa, na kumletea mteja mwingine. Alikuwa na jambo moja la kumwambia kwa faragha.

"Yule mwandishi wao umemwona? Barua nne tu, pumzi kwisha. Kwako hafui dafu."

Nasreen alifungua mdomo amtetee. Akakumbuka kazi aliyoichagua.

"Ni kweli, Bi," akasema, na ilimuuma siku mbili.