Pua ya Ummulkheir

Hili nitakalowaambia hamtalisadiki, na atakayelisadiki upesi nitamtilia shaka yeye. Hapa Takaungu pana mwanamke aliyekuwa akipika kwa pua. Ni Ummulkheir, mke wa marehemu kaka yangu. Ukimwekea sufuria mbili za supu, hufunua tu akakwambia ipi imepungua chumvi na ipi mbuzi wake alikuwa mzee. Mwezi wa Ramadhani wenzake huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, jambo lililoruhusiwa. Yeye hata siku moja. Huinama juu ya mvuke, basi.

Mwaka juzi, Ramadhani ikikaribia, akashikwa na mafua mabaya. Mafua yakaenda zake, yakaenda na pua, na ulimi pia. Karafuu, marashi, samaki wa juzi, vyote kwake vikawa sawa na maji. Hakumwambia mtu. Mwanawe Adnan alikwisha sema mara mbili, "Mama apumzike, Sumeiya apike," na huyo Sumeiya, mke wa Adnan, ni mwema hata kumchukia huwezi. Jiko lile Ummulkheir alilishika miaka arobaini. Likimtoka, abaki na nini? Akawa anapika kwa mazoea, chumvi kwa kiganja.

Kumi la mwisho la mwezi, wifi zake watatu wakaalikwa kufuturu. Adnan akaleta mguu wa mbuzi na kilo mbili za kamba kutoka Ngomeni, wamelazwa kwenye barafu, kisha akarudi kazini. Mbuzi akachemshwa tangu adhuhuri kwa tangawizi na pilipili manga. Kamba huingia mwisho, wakishageuka wekundu tu watolewe. Lakini Ummulkheir alipofunua beseni baada ya alasiri, barafu yote ilikuwa maji ya uvuguvugu. Akainama, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Akawabonyeza mmoja mmoja; vidole vikamwambia wazima, ila maisha yake yote hakuwahi kuviuliza vidole. Awalishe wifi zake sumu, tena Ramadhani?

Kumwita Sumeiya ni kujitangaza. Akapenya mlango wa uani kwa jirani yake Jedida, mwalimu wa chekechea, mtu wa bara huko Kitui, Mkristo.

"Mwanangu, hebu ninusie hawa. Mimi kichwa chaniuma."

Jedida akanusa, akaruka nyuma. "Wananuka, mama."

"Wanuka nini?"

"Wananuka bahari."

"Bahari nzuri au bahari mbaya?"

"Kwani ziko mbili? Mama, kwetu kitu kinachotoka majini ni ndoo na kamba ya kisima!"

"Nusa tena, mwanangu, tafadhali."

"Nikinusa tena nitatapika. Kwangu mimi hata wale mlikula wiki jana mkaramba vidole walikuwa wameoza."

Ummulkheir akasimama na beseni lake, jua likimwacha. Mwishowe akamkabidhi. "Wamwage," akasema.

Adhana ikalia, tende zikaliwa. Adnan akachungulia bakuli la supu. "Mama, kamba wangu?"

"Waliharibika, baba."

Papo hapo mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo. "Hodi! Mama, furahi!" Jedida meno yote nje. "Walikuwa wazuri! Paka wamekula wote na wanadai wengine!"

Wifi wakabaki na vijiko hewani. Adnan akamgeukia mama yake; pua ile haijapata kukosea. Akamwambia afumbe macho, akachukua kipande cha ndimu, akamsogezea puani.

"Hii nini, mama?"

Angeweza kubahatisha. Jamvini palikuwa na vitu vinne tu. Lakini alikuwa amefunga kutwa, na uongo mmoja wa kamba ulikuwa ungali kooni.

"Sijui," akasema.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomchoma. Wifi mkubwa akaanza kumchambulia nyama kwenye mfupa, kama anavyochambuliwa mgonjwa. Kesho yake Sumeiya akamwomba radhi, akashika mwiko, na Ummulkheir akapewa kitunguu amenye. Akakimenya. Akakaa kwenye kibao chake, macho kwenye sufuria inayochemka, hajui ndani yake mna nini.

Basi akalia, jamani! Akalia siku saba usiku na mchana, machozi yakajaza pipa, mtaa mzima ukaja kuchota, mimi mwenyewe kwa mabega haya nikabeba madebe mawili mpaka—

"Madebe gani, shemeji, na mimi nimekaa hapa nakusikia? Nililia siku ile moja, na wewe hata hukuwepo."