Mkungu Nilioanguka Nao

Kwenye lori la ndizi tulikuwa na sheria moja: mkungu ukishaudaka, huuachii. Ukianguka unavilia, na ukifika Dar umeshakuwa mweusi. Mimi nilikuwa mdakaji wa juu kabisa, nasimama juu ya ndizi zenyewe.

Asubuhi moja tulikuwa tunapakia kijijini Lufingo, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mwenzangu wa chini akanirushia mkungu mnene, nikaudaka kifuani, mguu ukateleza, nikaenda nao.

Nacheka mpaka leo. Hewani nilipata muda wa kutosha kuuachia, lakini mikono ilikataa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikalea wadogo zangu watatu. Huyu wa mwisho nilimbeba hivyo hivyo, kifuani, mpaka alipojua kutembea. Nikaukumbatia kama yeye. Tukatua kwenye rundo la majani makavu ya migomba, mimi chini, mkungu juu.

"Umekufa?" dereva akauliza.

"Angalia ndizi kwanza."

"Ndizi nzima!"

Tukacheka wote, mpaka nilipoona mkono wangu wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu wa Lupepo. Alishasema kwamba siku nikishindwa kuwalisha wadogo zangu, atawagawa kwa ndugu, mmoja huku, mwingine kule. Na jioni hiyo nilitoka hospitali na hogo, plasta ngumu kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko.

Alifika kesho yake na mfuko mtupu wa kubebea nguo za wa mwisho. Kutoka mlangoni akawaona wadogo zangu wawili wakubwa, mmoja akifua shati langu, mwingine akipakua ndizi na maharage. Ndizi zilikuwa za mkungu ule ule. Wenzangu walikuwa wameniletea. Wa mwisho, miaka saba, alikuwa amekaa juu ya ndoo mbele yangu, kijiko mkononi.

"Kaka, fungua mdomo."

"Nimeshiba."

"Usinichezee. Usipokula, shangazi anakuja kukuchukua!"

Maneno yangu mwenyewe ninayomwambia akikataa kula, neno kwa neno. Nikapaliwa.

"Shikamoo, shangazi," nikasema huku nakohoa.

Alikuwa ameshika mlango, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Nikuchukue wewe? Jitu zima hili nitaliweka wapi?"

Akakaa, akaomba sahani. Jioni aliondoka na mfuko wake umejaa ndizi, wadogo zangu watatu wakimsindikiza hadi njia panda, na wote watatu wakarudi.