Tuta la Maua la Bibi

Mwezi uliopita nilipita kijijini kwetu Natta, nikasimama pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu. Sasa pana nyumba ya tofali na uwanja wa saruji. Nikatafuta tuta la maua kwa macho, na unajua nilihisi nini? Wivu. Ule ule wa darasa la nne.

Bibi alipenda maua ya porini. Mvua zikiisha alikusanya mbegu zake, akazianika kwenye ungo na kuzihifadhi ndani ya kibuyu. Mwaka ule aliniambia nitayarishe tuta kando ya nyumba. Nililima wiki nzima, kila nikitoka shule. Nikaponda mabonge, nikaokota mawe, nikabeba samadi kuukuu kutoka zizini, hadi udongo ukawa laini kama unga wa mtama. Kisha nikalizungushia miba.

Siku ya kupanda akaja jirani yetu, binti wa mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Akapiga goti, akatoa shikamoo kwa Kiswahili kitamu ambacho sisi tuliozungumza Kinata nyumbani hatukukiweza. Bibi akachanganya mbegu na mchanga, akampa yeye.

“Wewe mkono wako mzito, mjukuu wangu,” akaniambia. “Ni mkono wa jembe. Mbegu hizi zinataka mkono mwepesi.”

Nikasimama kumtazama akinyunyiza juu ya udongo wangu, bibi akimsifu. Jioni ile hata uji wa ulezi ulinishinda.

Asubuhi nikasogeza ile miba, kuku wakaingia. Tuliporudi kutoka shule walikuwa wamelichakura tuta lote. Bibi akauliza nani aliacha wazi.

“Ni mimi, bibi,” akasema binti wa mwalimu. “Jana nilitoka wa mwisho.”

Aliamini hivyo kweli, akalia. Bibi akamfuta machozi kwa kanga yake. Hata msamaha wangu alipewa yeye.

Muhula haukuisha, baba yake akahamishwa tena. Mvua zikaja, maua yakaota kila kuku walikotupa mbegu: njiani, zizini, mpaka mlangoni. Kila mwaka bibi alisema hayo ni maua ya binti wa mwalimu. Nilitamani kumkumbusha nani alilima, lakini niliogopa angeuliza na habari za kuku.

Alifariki akiyaita hivyo. Maua nayo yameishia chini ya saruji. Binti yule sijui yuko wapi. Huenda hakumbuki hata kwamba alipendwa namna ile.